Kabla hujanunua baiskeli ya 29, njoo na rula

Ukutani kwenye banda langu hapa Lushoto nimetundika ringi ya baiskeli aina ya Phoenix ya marehemu babu. Kila kijana anayeingia na baiskeli ya 29, yaani ya mlimani yenye magurudumu ya inchi 29, akijigamba kwamba hakuna gurudumu kubwa kuliko lake, namwambia aishushe ile ringi ailinganishe na ya kwake. Ya babu inatokeza pande zote. Kipenyo chake pale tairi linapokalia ni milimita 635; ya 29 ni 622. Wamarekani walipotoa tairi la kwanza la kweli la 29, Nanoraptor la kampuni ya WTB, mwaka 1999, wazee wetu walishazoea zamani kupandisha ndizi kwa ringi kubwa kuliko hiyo. Kinacholipatia gurudumu la 29 kimo chake ni unene wa tairi. Likijaa upepo linafika kama sentimita 74, na hapo ndipo linampita babu.

Nimeanza na ringi kwa sababu ndipo pesa za watu zinapoteketea. Mtu anaagiza tairi Tanga kwa simu, anasema "nitumie la 28, litaingia", basi linaleta mzigo, kumbe ni la Phoenix, ambalo nalo huitwa 28. Haliingii, na nauli haimrudii. Usinunue tairi kwa kusikia. Soma namba ndogo zilizochapwa ubavuni: 54-622 ni upana wa milimita 54 kwa ringi ya 622. Ukikuta 635, ni la Phoenix. 584 ni la baiskeli ya 27.5, na 559 ni la 26. Zile baiskeli za mjini za Ulaya zinazokuja mtumba na maandishi ya 28 nyingi ringi zake ni 622 pia, kwa hiyo tyubu yake, ingawa nyembamba, itakufikisha nyumbani ukipigwa pancha njia ya Mtae.

Sasa ukubwa wa fremu. Hapa niliumia mwenyewe. Nina urefu wa sentimita 168, na baiskeli yangu ya kwanza ya 29 nilinunua Dar es Salaam ikiwa na fremu ya inchi 21. Muuzaji alishusha siti mpaka mwisho, akanipandisha, akasema, "Umeona kaka, imekukaa." Ilinikaa kweli, mpaka siku ya kwanza niliyoruka chini kwa ghafla kwenye mteremko na bomba la juu likanipokea mahali ambapo sitapataja. Mgongo nao ulilia miezi minne kwa kuufuata usukani ulioko mbali. Siti inashushwa, lakini fremu haifupishwi.

Kwa hiyo simama juu ya baiskeli, miguu yote miwili chini, ukiwa na viatu unavyovaa siku zote. Kati ya bomba la juu na mwili wako pabaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Kwa kimo changu fremu ya inchi 17 ndiyo yangu. Kama huna hata sentimita 160, tafuta ya inchi 15, kisha ufanye jaribio moja zaidi: weka mguu kwenye pedeli iliyo mbele na ugeuze usukani. Ncha ya kiatu ikigusa tairi, utaanguka siku unageuza polepole kwenye kona ya mlima. Magurudumu makubwa kwenye fremu fupi yana tabia hiyo. Usione aibu kuchukua ya 27.5. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý, mtu mrefu, alishinda dhahabu ya baiskeli za mlimani kwa 29, na Nino Schurter, mfupi kuliko yeye, akamfuata kwa sekunde moja tu akiwa na 27.5. Kila mmoja alipanda ya kwake.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja, muuguzi wa zahanati, analalamika magoti. Siti yake ilikuwa chini kiasi kwamba akikanyaga, magoti yanakaribia kifua. Nikamuuliza kwa nini. "Fundi, nataka nikisimama miguu yote ifike chini." Wengi hufanya hivyo kwa woga, na magoti ndiyo hulipa. Nikamwambia ashike ukuta, akae, aweke kisigino juu ya pedeli iliyoko chini kabisa. Goti linatakiwa linyooke kabisa bila kiuno kuinamia upande. Tulipandisha siti sentimita 6. Kisha nikamwambia aweke sehemu ya mbele ya unyayo, ile pana, kwenye pedeli: goti likabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo linavyotakiwa. Kusimama nikamfundisha upya. Unatoka kwenye siti kwanza, unasogea mbele, ndipo mguu unashuka. Alizunguka uwanja mara tatu, mara ya nne akacheka. Angalia tu kwamba mstari uliochorwa kwenye bomba la siti hautokezi nje ya fremu, maana ukitokeza, siku moja fremu itapasuka hapo.

Ukijikuta bado unaufukuzia usukani, badilisha shingo yake, kile kipande kinachoushika, kabla ya kitu kingine chochote. Kutoka milimita 90 hadi 60 ni kazi ya dakika kumi.

Kwenye mtumba, usianze na rangi. Anza na cheni. Chukua rula ya shule yenye inchi upande mmoja, weka sifuri katikati ya pini moja. Inchi 12 kamili ziangukie katikati ya pini ya 24 kutoka hapo. Ikizidi moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha lakini gia zinaweza kupona. Ikizidi moja ya nane, toa kwenye bei gharama ya cheni na ya gia za nyuma pia, kwa sababu cheni mpya itaruka juu ya meno yaliyolika.

Halafu gia zenyewe. Zizungushe kinyumenyume ukiangalia katikati, pale fundi anapoingiza kifungulio. Sehemu ile ikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Ikitulia wakati meno yanazunguka, ni friwili ya kukazwa kwa kuzungusha kama skrubu, na kwa mtu atakayebeba mzigo mimi namwambia aache. Kwenye friwili, gololi za upande wa kulia ziko ndani, mbali na fremu, kwa hiyo ekseli inabaki kipande kirefu kisicho na kiegemeo. Inapinda, halafu inakatika. Nina kopo zima la ekseli zilizokatika.

Hesabu na spoku: kwa ringi hii kubwa nataka 32 au zaidi. Pitisha kidole kidogo kati ya tairi na fremu. Kisipopita, masika yakija udongo wetu mwekundu utajaza hapo mpaka gurudumu ligome kuzunguka.

Ukishanunua, mkono utakuwasha kubadilisha shokomzoba. Tulia. Shokomzoba nzuri inaweza kukugharimu kuliko baiskeli yenyewe, na ya bei poa haina tofauti na uliyonayo. Anza na upepo, ambao ni bure. Wenye pampu mjini hujaza mpaka kidole gumba kigome, psi 50 (kipimo cha upepo) na kuendelea, halafu mtu anasema 29 inatikisa. Nina kilo 72. Kwa matairi ya inchi 2.2 yenye tyubu najaza psi 26 mbele na 28 nyuma, na ya nyuma naongeza nikipakia gunia. Kisha nunua tairi zuri la mbele, kwa kuwa ndilo linalokuangusha. La nyuma likiteleza unajua. La mbele likiteleza uko chini tayari.

Gia ni jambo la pili. Gurudumu la 29 ni kubwa kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko la 26, kwa hiyo gia ile ile inakuwa nzito kwa kiasi hicho. Kama ulipanda kwa meno 32 mbele, hapa utajisikia kama unapanda kwa 35. Vijana wanang'oa sproketi mbili za mbele wabaki na moja ya 32 ili ionekane kama za kwenye video, halafu nawakuta wanasukuma kwa miguu njia ya Magamba. Kama yako ina 42, 32 na 22, usiing'oe hiyo 22. 

Breki ndizo ninazozifuatilia kwa ukali. Niliwahi kumpelekea fundi wa mjini breki zangu za Shimano za oili, akazijaza oili ya breki za gari. Shimano hutumia oili ya madini, na raba zake hazivumilii ile ya gari: zilivimba, kishikio kikabaki kimeingia bila kurudi, na mimi nikiwa juu ya mteremko. Soma kifuniko cha oili kwenye breki. Kikisema mineral, iwe hiyo. Kikisema DOT, iwe DOT, na usizichanganye. Ukitaka nguvu zaidi, badilisha disku ya mbele, ile sahani inayobanwa na breki, kutoka milimita 160 kwenda 180 pamoja na kipande chake cha kuinulia breki, baada ya kuhakikisha foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) inaruhusu ukubwa huo.

Baada ya wiki ya kwanza pitia nati zote, kisha zipige spoku kwa vidole zitoe mlio. Yenye mlio mzito kuliko wenzake wa upande ule ule imelegea. Halafu ukiteremka Mombo, usishikilie breki njia nzima. Bana kabla ya kona, achia. Ukifika Soni simama. Disku usiiguse kwa mkono. Idondoshee matone mawili ya maji, na yakiruka kama ya kwenye kikaango, nunua hindi la kuchoma ukae mpaka ipoe.