Mada ya Sayansi na Teknolojia: Namna ya Kuipima Kabla Hujasimama Kuisemea

"Sayansi na teknolojia zina madhara kuliko faida." Mada hii nimeisimamia mdahalo baada ya mdahalo, na mambo huenda vilevile. Watetezi wanataja bomu la Hiroshima, wapingaji wanajibu kwa chanjo. Huku moshi wa viwanda, kule ndege. Kengele ikilia nabaki na orodha mbili ndefu mezani na sina mizani ya kuzipimia. Enzi zangu za usemaji nami nilisema hivyohivyo, nikashindwa, nikalalamika kwamba waamuzi wamependelea. Hawakupendelea.

Basi kama umepangiwa kuisemea, upande wowote ule, anza kwa kuliweka kando neno "teknolojia". Ni pana mno. Chagua kitu kimoja kinachoshikika. Mimi huanza na kipimajoto cha zebaki, kwa sababu kimoja kilinivunjikia mkononi. Nilikuwa nakikung'uta ili zebaki ishuke, kikagonga ukingo wa meza. Vitone vya rangi ya fedha vikatawanyika sakafuni. Ukikigusa kimoja kinakuwa viwili, vyote vinakimbilia chini ya kabati. Nikashika ufagio, na hapo ndipo nilipokosea, maana ufagio huvivunjavunja vikazidi kutoa mvuke, na mvuke ndio sumu yenyewe. (Fungua madirisha, toa watoto chumbani, vikusanye kwa kipande cha karatasi ngumu, uvitie kwenye chupa yenye kifuniko.) Lakini wiki hiyohiyo, kabla hakijavunjika, kipimajoto hicho ndicho kilichotuonyesha kwamba mtoto ana nyuzi 40, tukamkimbiza hospitali usiku uleule. Haya, kiweke upande gani?

Ukikwama hapo, chukua karatasi, andika jina la kitu chako juu, halafu ujibu maswali manne: Nani ananufaika? Nani anaumia? Kabla yake watu walitumia nini? Na madhara yakishatokea, yanarekebishika?

Maswali mawili ya kwanza yajibu pamoja, maana mara nyingi mnufaika na mwathirika hawajuani. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kemikali kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini. Samaki wakaila, wavuvi wakawala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa wa neva ukatambuliwa rasmi. Serikali ilikubali chanzo chake mwaka 1968. Waliotumia bidhaa za kiwanda kile walikuwa mbali na ghuba hiyo, wakiendelea na maisha yao. Msemaji anayesema "binadamu amefaidika" aulizwe palepale: binadamu yupi?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloshindisha. Chukua gesi za friji. Friji za mwanzo zilitumia amonia au dioksidi ya salfa, na gesi ikivuja jikoni watu walidhurika, wengine walikufa. Mwaka 1928 Thomas Midgley, mhandisi wa Marekani, na wenzake wakapata gesi ya jamii ya klorofluorokaboni, isiyowaka na isiyo na sumu kwa anayeivuta kidogo. Kwa wakati ule ilikuwa afadhali kubwa. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonya kwamba inakula tabaka la ozoni, lile la angani linalotukinga na miale mikali ya jua, mwaka 1985 tundu la ozoni juu ya Antaktika likatangazwa, na mwaka 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kuipunguza. Ozoni inarudi taratibu. Ukijaza karatasi yako ya gesi hii utaona kwa nini siwezi kuihukumu kwa neno moja.

Sasa onyo kwa wapingaji. Kuna hoja mnayoipenda mno, ile ya kisu: kisu hukata nyama na kisu huua, kwa hiyo kosa ni la mtumiaji. Nikiisikia huwa naweka kalamu chini. Inafaa kwa baadhi ya vitu, lakini mtetezi aliyejiandaa ataibomoa kwa mfano mmoja tu, petroli yenye risasi (metali, si ya bunduki). Huyohuyo Midgley aligundua mwaka 1921 kwamba kiasi kidogo cha risasi huzuia injini kugongagonga, na petroli hiyo ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka 1924 wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kiungo hicho wakapagawa, wengine wakafa. Midgley akanawa mikono kwa kimiminika hicho mbele ya waandishi wa habari na kukinusa, kuthibitisha kwamba ni salama, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa risasi. Gari la mwisho kuuziwa petroli hiyo kwa matumizi ya barabarani lilijaza tangi mwaka 2021. Katika miaka hiyo yote hakuna dereva aliyeitumia vibaya. Waliwasha magari wakaenda kazini, kama ilivyokusudiwa, na watoto wakavuta risasi iliyodhuru ubongo wao. Swali la nne hapa lina jibu baya: ozoni hujirudi, ubongo wa mtoto yule haurudi.

Watetezi nao wasishangilie mapema. Aliyeifichua risasi hiyo alikuwa mwanajiokemia, yaani mtaalamu wa kemia ya miamba, Clair Patterson, aliyetaka kujua umri wa dunia. Sampuli zake zilichafuliwa na risasi kutoka kila mahali, hata ikambidi ajenge maabara safi kupita kiasi. Umri aliupata, miaka bilioni 4.55, kisha akaanza kuuliza uchafu ule unatoka wapi. Bila vipimo vyake kampuni zingeendelea kusema kwamba risasi mwilini ni jambo la kawaida. Ila hoja hii itumie kwa kiasi: daktari anayetibu jeraha alilolisababisha mwenyewe hadai pongezi mara mbili.

Karatasi tatu zinatosha kwa dakika saba za kusema. Usilete kumi. Na usichague upande mapema. Mimi wasemaji wangu huwapa upande saa moja kabla ya mdahalo. Huwa wananuna, kisha wanainama kila mmoja kwenye karatasi zake na kuanza kuzisoma upya.