Kuzuia Maambukizi Unapochora Nyusi za Kudumu

Fundi anayechora nyusi za kudumu mjini Kisumu, awe na chumba chake Kondele au kiti kimoja ndani ya saluni ya mwenzake, anatoboa ngozi ya mteja na damu inatoka, hata kama ni kidogo kiasi cha kutoonekana. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai juu ya meza kavu kwa siku 7, kwa hiyo meza inayong'aa haitoshi kuwa ushahidi wa usafi.

Kabla ya kuvaa glavu, andaa kila utakachohitaji: pamba, taulo za karatasi, rangi iliyokwisha kumiminwa katika kikombe kidogo cha kutupwa, na sindano ambayo mteja ataiona ikifunguliwa kutoka kwenye pakiti yake. Funika mashine na waya wake kwa plastiki. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, kisha uvae glavu.

Kuanzia hapo tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni simu. Ujumbe wa M-Pesa unaingia, fundi anaigusa simu kwa kidole chenye rangi na damu, halafu anarudi kwenye nyusi. Jioni simu hiyo hiyo inachezewa na mtoto nyumbani. Ukigusa simu, taa, droo au nywele zako, vua glavu, nawa mikono na uvae nyingine. Kupaka spiriti juu ya glavu chafu ni kujidanganya.

Rangi isizimuliwe kwa maji ya bomba wala ya mtungi, hata yakiwa yamechemshwa, kwa kuwa kuna bakteria wa majini, jamaa wa wale wa kifua kikuu, ambao wakiingia ngozini huleta vipele vinavyohitaji dawa kwa miezi kadhaa. Rangi iliyobaki kikombeni itupwe. Kuirudisha kwenye chupa ni kuwachanganyia wateja wote damu.

Sindano haichemshwi wala haitumiwi tena. Iingize moja kwa moja katika kisanduku kigumu cha vitu vyenye ncha kali bila kuirudishia kifuniko, na upatane mapema na kituo cha afya kitakachokipokea kikijaa. Vile visanduku vya mwanga wa samawati vinavyouzwa kwa ajili ya saluni havichukui nafasi ya mashine ya mvuke yenye shinikizo, inayofikia nyuzi 121. Meza ioshwe kwa sabuni, kisha ipanguswe kwa Jik: ikiwa ni ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, mchanganyiko wa siku hiyo hiyo.

Mteja mwenye malengelenge ya homa mdomoni asichorwe midomo hadi yapone. Anayekwenda nyumbani kwa bodaboda aonywe kuhusu helmeti ya abiria, ambayo imevaliwa na watu wengi na ukingo wake hukaa juu ya nyusi kabisa. Afadhali apande matatu siku za mwanzo. Wekundu unaozidi kuenea, usaha au homa ni mambo ya hospitali, wala si ya kupakwa mafuta zaidi.

Fundi akijidunga, aoshe jeraha kwa sabuni na maji bila kulikamua, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida ni dozi 3 katika miezi 6, aitafute kabla hajampokea mteja wa kwanza.