SOMO: Kuseti tapeti za pikipiki mwenyewe nyumbani (injini za fito, aina ya CG125)

Wakuu habari za wikiendi. Naongelea ile injini Honda waliitoa kwenye CG125 mwaka 1976, Wachina wakaikopi na mpaka leo ipo kwenye pikipiki kibao za cc 125. Ukifungua kava la juu ukaona fito mbili zinatoka chini kusukuma roka (vile vyuma vinavyobonyeza valvu), basi ndo yenyewe.

Kuseti tapeti ni kurekebisha ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu. Watu wanaogopa sana kelele ya tapeti. Fundi anakaza mpaka injini inanyamaza kimya, mteja anafurahi analipa anaondoka, kumbe valvu ya ekzosi haifungi sawasawa, na valvu inapozwa pale inapokaa kwenye siti yake kwahiyo isipokaa vizuri inaungua. Mimi bora ipige tik tik kidogo.

Vifaa: spana, bisibisi, filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na kitambaa safi. Filageji sio ghali, nunua.

1. Injini iwe imepoa kabisa, ilale usiku kucha ndo uiguse. Ukiseti ya moto namba zote zinakuwa uongo.

2. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi, na iangalie rangi hapohapo, kahawia safi, nyeusi ya masizi maana yake mafuta mengi, nyeupe hewa nyingi.

3. Fungua kava la tapeti, halafu kava la magineti (gurudumu la sumaku) kushoto. Zungusha magineti upande ule inaozungukia injini ikiwaka mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye bodi. Ukishindwa kuzungusha magineti weka stendi ya kati, tia gia ya juu, sukuma tairi la nyuma kwenda mbele taratibu.

4. Hapa ndo wengi wanakosea. Alama ya T inapita mara mbili kwenye mzunguko mzima wa injini. Shika roka zote mbili uzitikise, zikicheza kidogo zote upo sawa, moja ikiwa imekaza zungusha tena raundi nzima.

5. Legeza nati ya skrubu ya roka, pitisha filageji ya 0.08 mm kati ya ncha ya skrubu na valvu, zote mbili ya kuingiza na ya ekzosi. Zungusha skrubu mpaka filageji iteleze ila uhisi inakwaruza kidogo. Shikilia skrubu isizunguke huku unakaza nati, halafu PIMA TENA maana ukikaza nati inahama.

6. Zungusha injini raundi mbili, pima mara ya mwisho, funga. Gasketi ikiwa imekatika weka mpya.

Ukimaliza washa, iache ipate moto, ndo ucheze na skrubu ya hewa kwenye kabureta, tafuta pale injini inapopanda juu zaidi kisha shusha sloo (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta). Usiguse kabureta kabla ya tapeti, utahangaika bure.

MASWALI

Swali: Mkuu sina filageji, wembe vipi?
Jibu: Wembe wa kawaida unakaribia 0.10 mm, yaani utaacha nafasi kubwa kidogo. Kwa dharura sawa, itapiga kelele ila haitaunguza valvu. Karatasi usitumie, inabonyea.

Swali: Yangu ni Boxer, nitumie hiyohiyo 0.08?
Jibu: Hapana kaka, hiyo kemshafti (shafti inayofungua valvu) iko juu na ina namba zake, angalia kitabu chake. Hatua za kuzungusha na kutikisa roka ni zilezile.

Swali: Asubuhi kiki moja tu, ikishachemka nikizima haiwaki mpaka ipoe.
Jibu: Anza na tapeti ya ekzosi, nahisi imebana. Ukiseti na bado, pima kompresheni, valvu inaweza ikawa imeshaliwa.

Swali: Nimeseti vizuri ila bado inagonga, fundi kasema ninunue cheni ya taimingi, na pikipiki ni ya fito kama hizi.
Jibu: 😂 Hiyo injini haina cheni ya taimingi, kemshafti inazungushwa na gia huko chini. Kagua fito kama zimepinda na ncha za skrubu kama zimelika. Na huyo fundi badilisha.