Namna ya Kupima Ushindani wa Gharama wa Mradi wa Gesi Asilia Kimiminika

Msomaji wa Mwanza anayesikia kwamba mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, unakadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 42 hawezi kujua, kwa takwimu hiyo pekee, kama gesi hiyo itauzika. Anza kwa kuuliza fedha hizo zinajumuisha nini: visima vya baharini, bomba, mitambo inayopoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili iwe kimiminika, matangi, gati, au vyote kwa pamoja. Gharama za mradi wa Gorgon nchini Australia zilijumuisha visima, ilhali kiwanda cha Sabine Pass huko Louisiana hununua gesi kutoka kwenye mabomba ya Marekani, tena kilijengwa mahali palipokuwa tayari na matangi na gati. Asiyeongeza bei ya gesi hiyo upande wa Marekani atakuwa amelinganisha vitu viwili tofauti.

Kisha gawanya gharama ya ujenzi kwa uwezo wa kuzalisha kwa mwaka. Gorgon ilikadiriwa kugharimu dola bilioni 37 ikaishia bilioni 54, kwa uwezo wa tani milioni 15.6 kwa mwaka. Yaani gharama ya kila tani ya uwezo wa mwaka ilipanda kutoka takriban dola 2,370 hadi 3,460. Tukichukulia, kwa mfano, kwamba wawekezaji wanahitaji kurejeshewa asilimia 12 ya mtaji kila mwaka, na kwamba tani moja hutoa takriban BTU milioni 52 (BTU ni kipimo cha nishati ya joto), mtaji peke yake unadai karibu dola 5.5 kwa kila BTU milioni moja kabla ya ongezeko hilo, na dola 8 baada yake. Hapa ndipo ushindani hupotea zaidi, hata kabla ya kulipa mishahara, matengenezo na kodi.

Ongeza nauli ya meli. Wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba wanajua kwamba bei ya gunia la dagaa pale sokoni si bei ya gunia hilohilo likishafika Dar es Salaam. Vivyo hivyo, linganisha miradi kwa bei ya bandari ya mnunuzi. Katika hili Lindi ina nafuu ya kweli, kwa kuwa meli ya kwenda India haipiti mfereji wowote wala mlango-bahari wa Hormuz, ambao meli za Qatar hupitia. Hata hivyo gesi yake ni kavu, yaani haina mafuta mepesi ya kutosha kuuzwa, na iko kwenye bahari ya kina kirefu, wakati Qatar hupata pia mafuta mepesi ambayo mauzo yake hupunguza gharama ya gesi.

Mwisho, rudia hesabu yote ukiongeza gharama kwa asilimia 20 na kuchelewesha uzalishaji kwa miaka miwili, kwa sababu riba huendelea kudaiwa hata kabla shehena ya kwanza haijauzwa. Matokeo ya hesabu hiyo ya pili ndiyo ya kulinganisha na bei ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa.