Kuzima jeni kwa lentivirusi: anza na dawa, virusi baadaye

Wadau mnaolea seli, hapa Moshi virusi tunavipata kwa tabu, vinasafiri na barafu kavu toka Dar, afu mtu siku ileile anavimwaga kwenye seli. Naomba msifanye hivyo. Lentivirusi vya maabara vimetokana na HIV-1 iliyoondolewa jeni za kujizalisha, vinapandikiza kipande chako (kile cha kuzima jeni unayoilenga) kwenye DNA ya seli pamoja na jeni ya kuhimili puromaisini, dawa inayoua seli zisizo na jeni hiyo, kwa iyo dawa ndo itakwambia seli ipi imepokea na ipi haijapokea.

Hatua ya 1: tafuta dozi. Sahani ya vishimo 24, weka seli 50,000 kila kishimo, inkubeta nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5, zilale usiku mmoja. Kesho yake weka puromaisini 0, 0.5, 1, 2, 3 na 5, mikrogramu kwa mililita, na hiyo sifuri usiiruke. Chungulia kila siku. Seli nzima imejinyoosha imeshika chini, iliyokufa inajikunja duara na ukitikisa sahani inacheza juu juu kama chenga za mchele kwenye maji. Chukua dozi ndogo kabisa iliyomaliza zote ndani ya siku 3. Mimi niliwahi kuazima dozi ya seli za mwenzangu, zangu zikapona zote nikafurahi kumbe dawa ilikuwa ndogo tu, wiki mbili zikapotea hivihivi.

Hatua ya 2: virusi. Kabati la usalama, glavu mbili, sindano marufuku. Yeyusha kwenye barafu, usirudishe friza, kila kugandisha kunapunguza nguvu. Hesabu seli za kishimo kimoja cha sahani mpya uliyoipanda jana yake, asubuhi hiyohiyo, maana usiku zimeongezeka. Zikiwa 100,000 na unataka virusi 0.3 kwa seli, unahitaji 30,000. Kichupa chenye virusi milioni 1 kwa mililita unavuta mikrolita 30. Ongeza polibrini, kemikali ya kusaidia virusi kuingia kwenye seli, mikrogramu 8 kwa mililita. Kishimo kingine weka virusi vyenye kipande kisicholenga jeni yoyote, na kingine usiweke virusi kabisa.

Hatua ya 3: badilisha midia (maji ya kulishia seli) saa 24 baada ya kuweka virusi, zikifika saa 48 weka dawa kwa dozi ya hatua ya 1. Kishimo kisicho na virusi kikifa chote, ndo upime RNA ya jeni yako ukilinganisha na kile cha kipande kisicholenga. Midia chafu loweka kwenye jiki nusu saa kabla ya kumwaga.