Kabla Hujamchoma Kondoo Sindano, Jua Alichokula

Mwaka juzi nilifika kwa mama mmoja huko Kisongo, nje kidogo ya Arusha, saa moja asubuhi, kumtoa kondoo wake damu ya kupima. Kondoo jike mwenye mimba pevu alikuwa amefungwa kwenye nguzo, hori limefagiliwa likabaki jeupe. "Daktari, sijampa kitu tangu jana mchana," akaniambia kwa fahari. "Si na sisi tukienda kupima sukari tunaambiwa tusile?" Nikamwambia, mama, mletee majani kwanza, leo hatutoi damu.

Hilo ndilo la kuweka sawa mapema, maana tumbo la kondoo si letu. Sukari nyingi haitoki tumboni mwake moja kwa moja. Vijidudu vya tumbo la kwanza huchachusha majani na pumba na kuvigeuza asidi, kisha ini linachukua mojawapo, propioniki, na kutengeneza glukosi, yaani sukari ya damu. Ndiyo maana glukosi yake ni ya chini, kama miligramu 50 hadi 80 kwa desilita, na aliyezoea kusoma vipimo vya watu anaweza kushtuka bure. Jike mwenye mapacha ukimshindisha njaa katika wiki 6 za mwisho, anayeyusha mafuta ya mwili wake, ketoni, yaani mabaki ya mafuta hayo, zinajaa damuni, na kipimo kinakuonyesha ugonjwa ulioutengeneza mwenyewe.

Kwa hiyo alishwe kama siku zote, na saa ya kulishwa iandikwe. Ketoni hupanda saa chache baada ya mlo, hivyo kondoo wa kwanza ukimtoa damu alfajiri na wa mwisho mchana, usiwalinganishe. Kama umebadilisha chakula juzi, subiri wiki 2 au 3, vile vijidudu vizoee.

Daftari liseme kweli. "Anakula pumba" haitoshi. Ni kisado kimoja au viwili, na mashudu ya alizeti yamo? Yurea, yaani taka ya protini iliyomo damuni, ndiyo inayonisumbua zaidi hapa. Inapanda kondoo akila mashudu mengi, na inapanda pia akikonda kwa njaa hadi mwili ukala misuli yake. Namba ni ileile, habari mbili tofauti kabisa. Kwa majirani zetu wa Moshi, kondoo wa kihambani, shambani nyumbani, anayeshinda na migomba, yenye maji mengi na protini kidogo, yurea yake huwa chini, wala huhitaji kutafuta mchawi. Uliza pia kama anaonjeshwa chakula cha kuku, maana kina madini ya shaba. Kondoo hastahimili shaba kama mifugo mingine. Inajikusanya kwenye ini kimya kimya, kisha siku moja inafumuka damuni na kupasua seli nyekundu.

Sasa chupa, na hapa niliwahi kuumbuka. Nilitia damu ya kipimo cha sukari kwenye chupa za kawaida za kifuniko chekundu, nikaziweka kwenye mkoba, bodaboda, jua, foleni ya mjini. Majibu yakaja glukosi iko chini kondoo wote, hata dume nene lisilo na shida yoyote. Seli za damu zilikuwa zimeendelea kula sukari humo njiani. Tangu siku hiyo ya sukari naitia kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi inayozizuia seli kula sukari, na boksi la barafu halibaki nyumbani. Piga simu maabara kabla ya kutoka. Kuna siku mashine haifanyi kazi.

Na usimkimbize. Kondoo aliyefukuzwa zizi zima sukari yake hupaa kwa hofu. Awekwe kwenye kizizi kidogo tangu mapema, mtu anayemjua amshike kichwa, ndipo utafute mshipa wa shingo.

Yule mama wa Kisongo nilirudi kwake wiki iliyofuata. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya mkaa ukutani: majani saa kumi na mbili, pumba kisado nusu, saa moja. Kondoo alikuwa analala kivulini, anacheua.