Grini baada ya baridi kali: soma udongo, usisome kalenda

Kwa wanaotunza viwanja vya gofu Minnesota, Michigan, Maine au kusini mwa Kanada, wiki za hatari kuliko zote huanza theluji inapoyeyuka. Mchana jua linapiga, maji yanatuama kwenye mabonde ya grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, na usiku yanaganda tena. Nyasi za Poa annua huamka mapema na kunywa maji hayo. Yakiganda ndani ya kitako cha mche, pale majani yanapokutana na mizizi, chembe hai zinapasuka na mche unakufa ukiwa bado wa kijani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msimu ni koleo: fungua njia ya maji pembeni mwa grini na ondoa uji wa theluji kabla ya jua kuzama. Mbolea na mashine zitasubiri.

Barafu yenyewe ina hesabu yake. Poa annua huanza kuwa mashakani ikikaa chini ya barafu nzito mwezi mmoja na nusu hadi miezi miwili na nusu. Agrostis stolonifera, nyasi laini inayopandwa kwenye grini nyingi za kaskazini, hustahimili miezi mitatu na zaidi. Baada ya dhoruba ya barafu ya Desemba 2013 iliyopiga Ontario na Michigan, grini nyingi zenye Poa ziliamka zikiwa kahawia, ilhali mabaka ya Agrostis katika grini zizo hizo yalibaki hai. Andika tarehe barafu ilipofunga na ilipoachia. Daftari hilo ndilo utakaloonyesha kamati ya klabu watakapouliza kwa nini jirani amefungua na ninyi bado.

Usingoje Aprili ndipo ujue kilichokufa. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kata vipande vya nyasi pamoja na udongo wake, hasa kwenye mabonde na upande wenye kivuli, uviweke ndani penye joto na mwanga, ukivinyunyizia maji. Ndani ya wiki mbili utaona kinachochipua na kisichochipua. Ukipata majibu mabaya, una muda wa kuagiza mbegu na kuwaambia wanachama ukweli mapema, jambo ambalo mameneja wengi hulikwepa mpaka wachezaji wafike na mifuko yao.

Mabaka ya mviringo ya kijivu au ya waridi yatakayojitokeza theluji ikiondoka ni kazi ya kuvu. Yale ya kijivu mara nyingi huishia kwenye majani: yachambue kwa reki nyepesi, hewa ipite, na mche utajirudia. Ya waridi yanaweza kushuka hadi kitako, na kuvu wake huendelea kushambulia hata bila theluji, mradi kuna baridi na unyevu, hivyo hayo yafuatilie kwa karibu. Kwa kuvu wa kijivu, dawa hupigwa vuli kabla theluji haijatanda. Kuimwaga majira ya kuchipua, baada ya madhara kutokea, ni kupoteza fedha.

Jambo linalogombanisha watunzaji na wachezaji ni siku ya kufungua. Juu udongo umelainika sentimita chache, chini bado ni mwamba wa barafu. Mtu akikanyaga hapo, tabaka la juu linateleza na kukata mizizi. Alama hazionekani siku hiyo, zinaonekana joto la Juni likibana. Chomeka bisibisi ndefu sehemu kadhaa: ikigota, grini haijafunguka. Sakitu ya asubuhi, yaani umande ulioganda, nayo haikanyagwi, hata na mfanyakazi wa klabu.

Penye nyasi zilizokufa, usikwangue zile kavu. Acha zikinge udongo. Toboa vishimo vingi vyembamba ili mbegu iguse udongo, kwani mbegu iliyolala juu ya majani makavu haioti. Agrostis hutaka udongo wa takriban nyuzi 15 za Selsiasi. Ukiwa na baridi zaidi, Poa ndiyo itakayowahi nafasi. Turubai zinazopitisha hewa na maji hupandisha joto, lakini zifunue mara kwa mara kukagua kuvu na urefu wa majani. Gramu 5 hadi 10 za mbegu kwa mita ya mraba zinatosha. Maji yawe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na naitrojeni kwa dozi ndogo, kama kilo 5 hadi 10 kwa hekta kila mara, si mzigo mmoja.

Hapo ndipo umwagiliaji unapohitajika, na mabomba yalitolewa maji tangu vuli. Yajaze polepole kwa shinikizo dogo, vali za mwisho zikiwa wazi hewa itoke. Hewa iliyonaswa hupasua viungio.

Ukataji wa kwanza uwe juu, milimita 5 hivi, kwa visu vilivyonolewa, kisha ushuke taratibu. Penye miche michanga usishuke mpaka ukivuta jani kwa vidole mche ubaki ardhini. Wakati huo wachezaji watumie grini ya muda, iliyokatwa kwenye nyasi za njia ya kuchezea, mbele ya grini halisi, na bendera ibaki huko hadi miche ipite jaribio hilo kila bonde.